Wanawake Watatu Walioondoka

Mtahiniwa, kila mwaka nasahihisha majibu ya fasihi yanayosema "mwanamke amechorwa kama jasiri," kisha nukta. Jasiri kwa lipi? Mbele ya nani? Likizo iliyopita nilitazama filamu tatu, na swali hilo halikuniacha.

Ya zamani kuliko zote ni Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Zama zile sinema za Kihindi zilijaza watu Majestic, pale Vuga, na mpaka leo mama yangu huimba nyimbo zake bila kujua Kihindi. Jaji anamshuku mkewe mjamzito, anamfukuza, na mtoto anakulia mitaani hadi kuwa mwizi. Nyimbo tamu, lakini yule mama hasikilizwi. Anaondoka kwa kuondoshwa.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021) imetokana na riwaya ya Adam Shafi. Hapa Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza mwenye umri wa kumzaa, hafukuzwi na mtu. Anamwacha mume, anahamia Ng'ambo kwa Mwajuma, anampenda Denge anayepambana na ukoloni wa Waingereza. Ujasiri wake una gharama na una mashahidi: mume, jamaa, polisi. Andika hayo. Filamu inasema mengi kwa nyuso na vivuli vya vichochoro, nami niliipenda sana. Ila riwaya inakuingiza moyoni mwa Yasmin, mahali ambapo kamera hukisia tu. (Utakapoulizwa kuhusu riwaya, usijibu kwa filamu. Msahihishaji hugundua mapema.)

Ya tatu ni As Old as My Tongue ya mwaka 2006, filamu ya maisha halisi ya Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Yeye husimuliwa kwamba aliozwa kwa nguvu angali binti mdogo, akatoroka. Ndani ya filamu ni bibi mkongwe mwenye sigara, anaimba, anapiga ngoma, anacheka na waliomzidi fedha na vyeo. Hakuna mwandishi aliyemchora. Nilijaribu kumpachika kwenye yale majibu yetu ya kukariri: mama mlezi, chombo cha starehe, mtu duni, jasiri. Hakukaa hata kwenye moja.