Kopo la Bolti



Karibu kila nyumba yenye banda la gari, au hata kibaraza cha kuwekea baiskeli, ina kopo moja ambalo hakuna ajuaye vizuri kilichomo. Zamani lilikuwa kopo la rangi au la maziwa ya unga. Leo limejaa bolti, nati, washa, skrubu, misumari ya bati na vipande vya chuma ambavyo kazi yake imesahaulika. Anayehitaji nati moja hulimwaga lote sakafuni, hutafuta kwa robo saa, hukosa, hurudisha vyote kwa kiganja, kisha huenda dukani kununua nyingine. Nati zinazosalia huzitumbukiza katika kopo lile lile. Juma hili tumeona vema tuzungumze juu ya kopo hilo, kwa kuwa limetufundisha jambo ambalo hatukulitarajia.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwa mambo ya duka na fedha, lakini inafaa pia katika gereji. Kila kilichomo katika kopo kiliwekwa na mtu mwenye nia njema, aliyesema moyoni kwamba kitafaa siku moja. Siku hiyo ikifika na kitu kisionekane, basi hakikuwa kimehifadhiwa. Kilikuwa kimecheleweshwa tu kutupwa.

Katika gereji ya nyumba tunayoishi makopo ya namna hiyo yalikuwa kumi na manne. Mwenye kuyafahamu alikuwa mtu mmoja, mzee wetu dereva na fundi, aliyeyatunza magari ya nyumba hii tangu sisi tukiwa bado seminarini. Hakuwahi kulimwaga kopo hata moja. Alitia vidole ndani, akapapasa kidogo huku akiendelea na mazungumzo, akatoa bolti aliyoitaka. Mgeni aliyetazama angesema gereji ile ni ya ovyo. Kumbe ilikuwa na mpangilio kamili, isipokuwa mpangilio wenyewe ulikaa katika vidole na kumbukumbu za mtu mmoja.

Mwaka jana macho yake yalianza kuingia ukungu, na daktari akasema ni mtoto wa jicho. Hali kadhalika, binti yake aliyeko mkoa mwingine alimwomba ahamie kwake, apate kumtunza. Tarehe ikapangwa. Gereji ilibaki na fundi wake kwa miezi mitatu. Ndipo tulipomwomba tuyapange makopo yale pamoja naye, na pamoja na kijana mmoja wa jirani anayejifunza ufundi wa pikipiki. Mzee alikubali, ila kwa maneno machache kuliko kawaida yake.

Jioni ya kwanza tulitandika turubai kuukuu chini, tukamwaga kopo la kwanza. Kazi hii huwashinda wengi kwa sababu huanza kupanga kwa urefu, kwa kuwa urefu ndio unaoonekana upesi. Mzee alitukataza. Alitaka kwanza aina, pili unene, tatu nyuzi, zile ambazo mafundi wetu huziita thredi. Urefu huja mwisho, tena kwa bolti zilizo nyingi tu. Zikiwa chache, jicho litachagua lenyewe ndani ya kopo.

Kupanga kwa aina ni kazi ya mtoto. Misumari hukaa peke yake, vivyo hivyo skrubu za mbao, bolti, nati na washa. Hapo hapo hutupwa visivyofaa tena, yaani bolti iliyolika nyuzi, iliyopoteza pembe za kichwa, au nati yenye pete ya plastiki ndani ambayo imekwisha kufungwa na kufunguliwa. Pete ile hushika bolti kwa kuibana, na ikisha kulegea haipaswi kuaminiwa mahali pa hatari. Sisi tunaoishi karibu na bahari tuna adui wa ziada, ambaye ni hewa ya chumvi. Bolti zilizoanza kutu lakini nyuzi zake bado nzima tuliziloweka katika dizeli usiku mzima, tukazisugua kwa brashi ya waya, tukazipaka oili kabla ya kuziweka.

Ugumu uko katika unene. Mafundi wetu huita bolti kwa namba ya spana inayoifungua. Watasema nipe ya 13, au nipe ya 17. Lugha hiyo ni nyepesi, lakini ina mtego. Bolti ya dukani yenye unene wa milimita 8 kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 13. Bolti ya unene huo huo katika magari ya Kijapani mara nyingi ina kichwa kidogo zaidi, ikafunguliwa kwa namba 12. Namba ni mbili, uzi ni mmoja. Kinyume chake, spana namba 17 hufungua bolti nyingi za dukani za milimita 10, na pia bolti nyingi za magari ya Kijapani za milimita 12. Namba ni moja, bolti ni mbili tofauti kabisa. Mzee wetu alilijua hilo bila kulisema. Kijana aliandika kwenye daftari lake, akashangaa.

Kisha zikaja nyuzi. Bolti ya milimita 8 ya kawaida ina umbali wa milimita 1.25 kutoka uzi hadi uzi. Ukiweka rula juu yake, utahesabu nyuzi nane katika sentimita moja. Ya milimita 6 ina umbali wa milimita 1, yaani nyuzi kumi katika sentimita hiyo hiyo. Njia iliyo rahisi zaidi ni kulaza bolti mbili ubavu kwa ubavu, meno yaingiane, kisha kuziinua kwenye mwanga. Mwanga usipopenya, ni ndugu. Ukipenya, si ndugu, hata zikifanana namna gani.

Sasa, kwa nini zifanane na zisiwe ndugu? Nyumba hii ilipata kuwa na Land Rover ya zamani, gari la Kiingereza lenye bolti nyingi za inchi. Gari lilikwisha kuondoka, bolti zake zikabaki makoponi pamoja na za Toyota, ambazo ni za milimita. Historia yenyewe ni ndefu. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha nyuzi kwa nchi yake, chenye pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers alipendekeza chake, chenye pembe ya nyuzi 60. Katika Vita Kuu ya Pili mataifa hayo yalipigana upande mmoja, lakini nati za mmoja hazikuingia katika bolti za mwenzake. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana juu ya uzi mmoja wa inchi. Lakini sehemu kubwa ya dunia ilifuata milimita, na kwa hiyo makopo yetu ya Afrika Mashariki yamerithi mapatano na mafarakano ya watu wa mbali.

Chukueni bolti ya inchi 5/16. Unene wake ni milimita 7.94. Iwekeni kando ya bolti ya milimita 8. Tofauti ni sita ya mia ya milimita, na hakuna kidole kinachoweza kuihisi. Lakini nyuzi zake hazilingani. Nati ya moja huingia katika nyingine mzunguko mmoja au miwili, kisha hugoma. Mwenye haraka huchukua spana ndefu, huilazimisha, na kwa muda huo nyuzi zinakatika ndani kwa ndani. Kwa nje inaonekana imekaza. Isiyoingia kabisa haina madhara, maana mtu huiweka chini na kutafuta nyingine. Hatari iko kwa ile inayokaribia kufaa.

Hilo si la gerejini tu. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven iliondoka Birmingham kwenda Málaga, Hispania, ikiwa na watu 87. Ilipofika kimo cha futi 17,300, kioo cha mbele upande wa rubani kiling'oka. Rubani, Tim Lancaster, alivutwa na upepo hadi sehemu kubwa ya mwili wake ikawa nje ya ndege, na wahudumu wakamshikilia miguu. Rubani msaidizi, Alastair Atchison, alifanikiwa kutua Southampton. Wote waliokuwamo waliokoka, naye rubani pia, ingawa alijeruhiwa. Wachunguzi waligundua kwamba kioo kilikuwa kimefungwa upya kabla ya safari ile, na kwamba bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa, kwa kiasi cha milimita 0.66 hivi. Sita zilizobaki zilikuwa fupi mno. Zile nyembamba zilikuwa na umbali wa nyuzi ulio sawa na wa zile zilizotakiwa, kwa hiyo zilishika kiasi cha kuudanganya mkono. Aliyezichagua alikuwa fundi mzoefu. Alizilinganisha kwa jicho na bolti ya zamani, mbele ya droo za bolti, mahali penye mwanga hafifu.

Tulipomsimulia mzee habari hiyo, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Huyo alikuwa na macho mazima. Sasa mimi?" Akaendelea kupanga. Lakini jioni ya pili baada ya hapo, tukiwa tumekwisha kupanga makopo tisa, aliweka chini nati aliyoishika akatuuliza, "Baba, mkishapanga hivi vyote, mtaniitia nini tena?"

Hatukuwa na jibu la haraka, wala hatukutaka kumpa la kumfariji tu. Swali lake lilikuwa la haki. Kwa miaka mingi watu walilifuata banda lile kwa sababu yeye alikuwamo. Kopo lisilo na jina lilimfanya awe wa lazima, na kopo lenye jina lingemfungulia mtu yeyote. Wapendwa, kuna wengi wetu, katika nyumba, katika ofisi na katika vyama, wanaoacha mambo bila kuandikwa kwa sababu iyo hiyo, ijapokuwa hawaitamki. Wanaogopa kwamba siku ujuzi wao utakapowekwa wazi juu ya rafu, wao wenyewe watasahauliwa. Si uchoyo. Ni woga wa kutokuitwa tena.

Tulimwambia ukweli, kwamba tulikuwa tunapanga kwa ajili ya atakayeingia gerejini usiku akiwa na haraka na bila yeye. Na kwamba hakuna awezaye kutuonyesha mtu huyo atakosea wapi, isipokuwa yeye. Hakujibu. Siku iliyofuata alikuja na waya mwembamba. Akatoboa kila kopo tundu mbili, akafunga kwa nje bolti moja ya mfano pamoja na nati yake. Alituambia kwamba karatasi tulizobandika ni za wenye macho na wenye taa, ila umeme ukikatika kidole kitasoma. Tena, anayetafuta ataijaribu bolti yake katika nati ile ya nje, na ikigoma asiilazimishe. Aende kopo la pili.

Kwenye karatasi tuliandika majina mawili, la mafundi na la duka. Kwa mfano, "Ya 13, au ya 12 ya Toyota: milimita 8, uzi 1.25." Makopo mawili ya bolti za inchi yalipata rafu yake ya juu kabisa, yakapakwa rangi nyekundu. Zile zenye namba 8.8 au 10.9 kichwani, ambayo ni alama ya chuma imara, tulizitenga na zile zisizo na namba, maana bolti mbili za kipimo kimoja zaweza kutofautiana sana kwa nguvu. Kutoka makopo kumi na manne tulipata ishirini na mawili madogo, na ndoo moja ya chuma chakavu ambayo kijana aliiuza.

Mzee aliondoka kwa tarehe iliyopangwa. Majuma machache baadaye bolti ya kitako cha pampu ya maji ilikatika usiku, na umeme haukuwapo. Kijana aliingia gerejini na tochi ya simu, akapapasa makopo kwa nje, akatoka na bolti sahihi baada ya dakika chache. Maji yalirudi kabla ya alfajiri. Asubuhi tulimpigia mzee simu kumweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama bolti ile ilipakwa grisi kabla ya kufungwa. Haikupakwa. Akaagiza ifunguliwe, ipakwe, ifungwe tena, maana bila hivyo mwaka kesho kutu itaikamata na hakuna spana itakayoitoa. Tangu siku hiyo kijana humpigia mwenyewe, karibu kila juma.

Juma hili, kama nafasi itaruhusu, mwageni kopo moja la nyumbani kwenu. Moja linatosha. Mpangeni pamoja na yule anayelijua, angali yupo, na jina liandikwe kama yeye anavyoliita.

Tunawatakia juma jema.