Kompyuta Inapochemka



Laptopu yetu hapa Biryogo ilikuwa ikizimika kabla watoto hawajamaliza kazi ya shule. Majirani wakasema virusi. Tukaweka HWiNFO, programu ya bure, ikaonyesha nyuzi 97! Prosesa nyingi za laptopu hujipunguzia kasi zikikaribia 100, na joto likizidi huzima kujiokoa.

Tusisingizie jua: Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, si Mombasa hii. Tulipoifungua, vumbi jekundu lilikuwa limeziba chuma cha kupozea. Tukalisugua kwa brashi laini huku tumeishika feni isizunguke, tukabadilisha ile dawa iliyokauka juu ya prosesa. Sasa haipiti 74.

Na nyinyi mnaosomea kitandani, godoro huziba matundu ya hewa. Wekeni mezani.