Hilux Iliyoshushwa na Kilo 500 za Spika

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Mdogo wangu hukodisha vyombo vya muziki kwa harusi na mikutano ya injili, na huvibeba kwa Hilux kuukuu iliyoshushwa. Imeshushwa haswa! Ekseli ya nyuma, ambayo kiwandani hukaa chini ya springi za majani, ilihamishiwa juu yake, na bodi ikashuka zaidi ya sm 10. Watu huigeukia barabarani. Mimi humwazia akiteremka Mai Mahiu na spika, jenereta na vijana wake wawili pale mbele.

Kuiinua tena hataki hata kusikia. Basi likabaki swali la nini kiongezwe nyuma.

Tulianza kwa kupima, maana bila namba huu ni ubishi tu. Tuliegesha mahali tambarare, tukapakia mifuko ya simiti ya kilo 50, miwili miwili, huku tukipima kwa rula nafasi kati ya ekseli na ile raba ya kuzuia kugonga. Gari tupu, nafasi ni mm 50. Kila kilo 100 juu ya ekseli zilikula mm 16. Mzigo wake wa kawaida ni kilo 500, yaani mm 80. Kwa hiyo ikifika kilo 300 hivi springi imemaliza kazi, na kila shimo linapiga chesisi moja kwa moja.

Fundi alipendekeza kuongeza jani. Ni rahisi na linadumu, lakini huwezi kulitoa Jumatatu gari likiwa tupu, na gari gumu lililo tupu hurukaruka kwenye matuta. Zipo pia springi za raba zinazokaa mahali pa ile raba ya kuzuia. Kwa gari la kimo cha kawaida ningezichukua. Kwa hili zingegusa ekseli wakati wote.

Ikabaki mifuko ya hewa, ile mifupi, kwa sababu mirefu haiingii. Hesabu yake inapendeza. Kilo 500 kwa mifuko miwili ni 250 kila upande. Mfuko wenye eneo la sm² 100 unahitaji kilo 2.5 kwa kila sm², karibu psi 36, upepo wa tairi la gari dogo. Gari likiwa tupu unaacha psi 5 au 10 ili mfuko usijikunje na kubanwa. Kila mfuko uwe na mpira wake wa hewa. Ukiunganisha yote miwili, kwenye kona hewa hukimbia kutoka upande uliolemewa kwenda wa pili, na gari linazidi kulala. (Waandishi wa programu wanaijua hii: nyuzi mbili zinazochezea data moja.) Na mfuko ukae mbali na ekzosi.

Lakini kilichoninyima usingizi ni breki. Hilux hii ina vali iliyounganishwa na ekseli kwa fito: nyuma ikishuka, vali hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ni kihisi kinachopima kimo na kudhani kimepima uzito! Gari liliposhushwa, vali iliamini limebeba mzigo siku zote, na kwenye mvua magurudumu ya nyuma yalikuwa yakijifunga. Sasa mifuko ikiinua nyuma kabisa, vali itaamini gari ni tupu hata likiwa na kilo 500, na breki za mbele zitateremka Mai Mahiu zikifanya kazi karibu peke yake.

Kwa hiyo fundi alirekebisha fito kwa gari tupu, nasi tukaamua kutojaza psi 36. Tunaiacha nyuma ishuke mm 20. Springi zinabeba kilo 125, mifuko inabeba 375, na hiyo ni psi 27 hivi. Vali inapata habari ya mzigo, na nafasi ya mm 30 inabaki. Tulijaribu breki kwenye uwanja wa murram uliolowa, tupu na kwa mzigo, na mara zote magurudumu ya mbele yalijifunga kwanza.

Uzito uliowekwa na kiwanda haukuongezeka. Ekseli na matairi ni yale yale, kwa hiyo kilo 500 ndiyo mwisho, hata bwana harusi akiomba spika mbili zaidi.

Mdogo wangu sasa anataka kompresa inayoendeshwa kwa simu, na programu niandike mimi. Nimekataa. Ana vali mbili kama za tairi, geji, na pampu ya mguu.