Barua ya Benki Ilikuwa Kwenye Jalada

Nilipandishwa cheo hadi wakili wa serikali mwandamizi nikisifiwa kwa jambo moja: washtakiwa wangu hawakutoka kwa dhamana. Sifa hiyo niliipenda, na ndiyo iliyonifikisha kwa karani mmoja wa chama cha ushirika cha wakulima wa korosho.

Wizi akiwa mtumishi ni kosa lenye dhamana. Utakatishaji fedha hauna. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaizuia dhamana hiyo, hata fedha zenyewe ziwe kidogo namna gani. Ukiongeza shtaka hilo, mshtakiwa haruhusiwi hata kujibu kitu, kwa kuwa mahakama ya hakimu mkazi haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Anarudishwa mahabusu.

Malipo ya wakulima yalikuwa hayaonekani, na watu walitaka kumwona mtu ndani. Kwenye jalada, katikati ya maelezo ya mashahidi, kulikuwa na barua ya benki, ukurasa mmoja wenye muhuri wa bluu, ikieleza kwamba fedha ziliingizwa kimakosa katika akaunti nyingine ya chama hichohicho. Niliisoma. Nikaipigia mstari kwa penseli. Kisha nikamwambia mpelelezi aendelee kutafuta, nami nikasaini hati ya mashtaka dhidi ya karani, shtaka la kwanza likiwa wizi na la pili utakatishaji.

Kila kesi ilipotajwa nilisimama nikasema upelelezi haujakamilika. Upelelezi uliobaki ulikuwa wa kutafuta cha kuipinga barua ile, na hakikupatikana. Mke wa karani alikaa benchi la nyuma na bahasha yenye barua ya mtendaji wa kijiji na nakala ya hati ya kiwanja cha mdhamini. Hakuna aliyemwomba aifungue.

Mwishowe kesi iliondolewa chini ya kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Nilisema Jamhuri haina nia ya kuendelea, basi. Sheria haikunidai sababu, nami sikuitoa. Kijijini kwake, mtu akiachiwa hivyo husemwa kwamba amehonga.

Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka, na sisi tunaofanya kazi kwa niaba yake, tuzingatie nia ya kutenda haki na kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki. Niliwafundisha vijana ibara hiyo miaka yote. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asishtakiwe kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa mazito yakaachwa nje. Anayetaka kufanya nilichofanya mimi bado ana nafasi, na hilo linanitisha.

Chama kimekataa kumrudisha karani kazini kwa hoja kwamba hakuna hukumu iliyomsafisha. Hukumu hiyo haitakuwepo, maana mimi ndiye niliyeinyima mahakama nafasi ya kuitoa. Basi nasema ninachokijua: barua ya benki ilikuwa kwenye jalada kabla hajashtakiwa, na niliisoma.