Mvumo wa Sanduku na Waya Usiofika Ardhini

Katika majengo ya zamani ya Mchafukoge, familia nyingi huishi juu ya maduka. Chini kuna vitambaa, vipuri na vyombo vya ndani. Juu tuko sisi, watoto wetu, majiko yetu, na nyaya za umeme zilizoongezwa na kila mpangaji aliyepita. Nawaandikia wazazi wenzangu wanaoishi katika nyumba za namna hiyo, kwani lililoanza kwetu kama jambo la kijana na gitaa lake liliishia kuwa jambo la usalama wa nyumba nzima.

Mwanangu wa pili ana miaka 19. Alipomaliza kidato cha sita, akiwa anasubiri matokeo, alianza kuunda amplifaya ya gitaa kwa vipande vya redio za kale. Haikuwa ya vipuri vidogo vya siku hizi, bali ya vali, zile chupa za kioo zinazowaka wekundu hafifu. Vali ya kwanza ilibuniwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaiongezea waya wa tatu, na kutokana na hilo sauti dogo ikaweza kukuzwa. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, wazee wetu waliisikiliza kwa redio za vali. Baba mkwe wangu, ambaye watoto humwita Babu, alijifunzia ufundi wake katika redio hizo.

Mume wangu hakulipenda gitaa lile. Wanazuoni wana kauli zao juu ya ala za muziki, nami sina elimu ya kuamua baina yao. Nasema tu kwamba maneno yalikuwa yamepungua kati ya baba na mwana, na sanduku lile lilikaa katikati yao.

Sanduku lilipokamilika lilikuwa na kasoro. Likiwashwa lilivuma kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Tena, kijana akigusa nyuzi za gitaa huku amesimama pekupeku sakafuni, alihisi ganzi vidoleni. Mume wangu aliposikia habari ya ganzi, akaamuru sanduku litolewe nyumbani. Babu, ambaye aghalabu haingilii amri ya mwanawe, aliomba siku moja tu. "Mwanangu," alisema, "tukilitupa bila kujua kinachomng'ata, tutakuwa tumetupa shahidi."

Alikuja baada ya swala ya alasiri, miwani puani. Kabla ya kugusa kitu alichomoa plagi, kisha akamfundisha mjukuu wake jambo ambalo kila mzazi wa fundi mchanga alijue: kifaa cha vali huendelea kuhifadhi umeme ndani ya kapasita hata baada ya kuchomolewa, na umeme huo waweza kuzidi volti 300. Aliumaliza taratibu kwa kupitishia rezista, akapima kwa mita hadi namba ikakaribia sifuri. Mkono mmoja ulifanya kazi. Wa pili aliuweka mfukoni mwa kanzu, ili umeme usipate njia ya kuvuka kifuani.

Kisha akauliza maswali, moja baada ya jingine. Ukipunguza sauti hadi mwisho, mvumo unabaki? Unabaki. Wakazima, wakaitoa vali ya kwanza, wakawasha tena. Mvumo ungalipo. Basi hautoki kwenye gitaa wala kwenye hatua ya mwanzo. Babu akasikiliza. Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, lakini ukishapita kwenye vali ya kuunyoosha, mawimbi yake huwa 100. Sikio lake lilimwambia kuwa ule ni wa 100, na kwa hiyo kapasita ya kuusafisha umeme imechoka. Kijana alikuwa ameitoa katika redio ya zamani, na umajimaji wa ndani yake ulikwisha kauka. Wakazima, wakaishikiza kapasita nzima kando ya ile mbovu, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Walipowasha, kukawa kimya. Kesho yake kijana alikwenda Kariakoo kununua mpya ya volti 450, akailehemu mwenyewe.

Lakini Babu aliposogeza testa kwenye nyuzi, taa yake iliwaka vilevile. "Kasoro mbili zilivaa kanzu moja," alisema.

Plagi ya sanduku ilikuwa ya miguu miwili, ikiingizwa kwa kile kijiti ambacho wengi wetu hukichomeka kwenye tundu la juu la soketi. Babu akaweka waya wa nyuzi tatu na plagi ya miguu mitatu, akaufunga waya wa ardhi kwenye bati la sanduku. Testa ikawaka tena. Ndipo akaiacha amplifaya na kuigeukia soketi. Kati ya waya wa moto na wa kurudishia, mita ilionyesha takriban volti 230, kama ipasavyo. Kati ya waya wa moto na tundu la ardhi, palipotakiwa namba ileile, ilitoa namba ya ovyo isiyotulia. Akapima soketi ya pili, na ya tatu. Tundu la ardhi lilikuwepo ukutani, lakini nyuma yake hapakuwa na waya unaofika ardhini.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na friji je?"

Friji, pasi, mashine ya kufulia: vyote vilikuwa hivyohivyo. Siku waya wa moto ungegusa bati la mojawapo, umeme usingepata njia isipokuwa mwili wa atakayeligusa. Yeye mwenyewe ndiye aliyezungumza na mwenye nyumba na wapangaji wenzetu, wakachanga. Fundi mwenye leseni ya EWURA alichimbia fimbo ya shaba ua wa nyuma, akapandisha waya hadi juu, akafunga na swichi inayokata umeme unapovuja. Babu naye aliiondoa ndani ya sanduku kapasita ndogo iliyounganisha waya wa moto na bati, iliyonakiliwa kutoka mchoro wa kale. Testa haikuwaka tena.

Juu ya gitaa, baba na mwana hawajakubaliana. Ila sasa wanazungumza, na kila alasiri kijana huenda kwa Babu kujifunza ufundi.

Ndugu msomaji, mwite fundi mwenye leseni apime tundu la ardhi la kila soketi nyumbani kwako. Usichomeke kijiti. Na mtoto akikwambia kitu kinamng'ata, kichomoe kwanza, kisha utafute sababu. Allah atuhifadhie familia zetu.