Kumgeuza Mzee Kila Saa Mbili

Chuoni tulikariri kipimo cha Doreen Norton, muuguzi wa Uingereza aliyechapisha mwaka 1962 utafiti kuhusu wazee waliolazwa. Mgonjwa hupewa alama kwa hali ya mwili, akili, kutembea, kujigeuza na kuzuia haja. Akipata 14 kwenda chini, ngozi yake iko hatarini. Ageuzwe kila saa mbili. Nilipoanza kazi katika hospitali moja ya mkoa, Tanzania, tuliweza. Usiku tulikuwa wauguzi wawili na mhudumu, na kidonda cha mgandamizo kilikuwa aibu ya wodi nzima.

Kisha waliostaafu hawakuzibiwa nafasi. Nikawa nakesha na mhudumu tu. Piga hesabu: wazee 12 wasiojiweza, dakika 10 kila mmoja, saa mbili zimekwisha na wa kwanza anakungoja tena. Hapo dripu na sindano bado. Vidonda vikaja, visiginoni na chini ya kiuno.

Kilichoniuma zaidi ni chakula. Aliyepata kiharusi humeza polepole. Bakuli la uji linataka mtu aketi naye nusu saa, bila haraka. Daftari la ripoti likajaa "amekataa kula". Hakukataa. Alikosa wa kumlisha.

Uchovu ulibadilisha hata kauli zetu. Babu akichanganyikiwa usiku, akamwita mkewe aliyekwisha kufa, muuguzi aliyelala vya kutosha humshika mkono: "Babu, uko hospitali, niko nawe." Aliyekesha mfululizo humwambia anyamaze. Niliwasikia wakisema hivyo watu wapole kabisa, ninaowaheshimu mpaka leo.

Sera ya Taifa ya Wazee ilikuwepo tangu 2003. Baadaye yakaja madirisha ya wazee na mabango ya kumpisha mzee, nikafurahi kweli. Lakini bango halimgeuzi mtu kitandani.

Mabadiliko yalianza vijana walipoajiriwa. Inchaji wetu alipanga zamu upya: hakuna kukesha mfululizo bila mapumziko, na usiku hakuna muuguzi wa peke yake. Hatukupewa semina ya upole. Tulilala, ukarudi. Na wale babu waliosemwa kuwa wakaidi wakaanza kumaliza uji.

Hata hivyo, hadi nastaafu, ikama ya wodi ilifuata idadi ya vitanda. Kijana aliyevunjika mkono na bibi wa miaka 84 aliyepooza upande mmoja walihesabiwa sawa. Wapangaji waanze na alama za Norton za kila aliyelala pale, ndipo waseme wauguzi wangapi wanatosha.