Valvu Haikuwa na Kosa

Mwaka 1998 mzee aliyenifundisha mambo ya redio za ridhaa aliniachia mtambo wake wa kurushia mawimbi. Ni sanduku zito la chuma, lililoundwa kabla transista hazijaenea, na nguvu yake ya mwisho hutoka katika valvu moja ya kioo aina ya 6146. Nimeutunza nyumbani kwangu Mombasa kama wengine wanavyotunza saa ya marehemu baba. Redio za siku hizi ni ndogo na zina akili nyingi, lakini huu mzee ukiugua, bado hukubali kuzungumza na mtu mwenye mita na subira.

Jioni moja niliuwasha. Kabla sijagusa kitufe cha Morse, sahani iliyo ndani ya valvu ikaanza kuwa nyekundu kama kaa. Nikauzima upesi. Mchana wa siku hiyo mpwa wangu, kijana wa miaka 14, alikuwa chumbani humo.

"Umegusa nini?" nikamwuliza.

"Sijagusa kitu, Mjomba."

Sikumwamini, na nilimwambia hivyo mbele ya mama yake. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena chumba kile.

Nikaagiza valvu nyingine, kwa pesa si haba. Ilipofika nikaichomeka, nayo ikawa nyekundu. Hapo nikakumbuka neno la mzee: kilichoungua ndicho kilichodhulumiwa, mtafute aliyekidhulumu.

Nikaanza upya, kwa utaratibu. Kwanza nilichomoa waya ukutani. Ndani ya mtambo huu mna volti zipatazo 600, na kapasita za kuchujia umeme zaweza kuhifadhi kiasi cha kuua mtu hata baada ya kuzimwa. Nikazimaliza chaji kwa rezista iliyofungwa kwenye kijiti kikavu, kisha nikahakikisha kwa mita kwamba imebaki sifuri. Na kila nilipolazimika kupima umeme ukiwemo, mkono mmoja ulikaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Gridi ya valvu ile hutakiwa kuwa na volti hasi, makumi kadhaa. Hizo ndizo hatamu zake. Mimi nilikuta karibu sifuri. Nikaishuku kapasita ndogo iliyo kati ya gridi hiyo na valvu iliyotangulia. Kazi yake ni kupitisha mawimbi na kuzizuia volti 300 za jirani zisivuke. Nikaipima kwa mita kavukavu: nzima kabisa! Lakini mita huisukuma kwa betri ndogo tu. Basi nikayeyusha risasi ya mguu wake wa upande wa gridi, nikauacha mguu huo huru, nikawasha mtambo na kusubiri upate joto. Pale palipotakiwa kuwa sifuri, sindano ilipanda taratibu mpaka volti 40.

Huyo ndiye aliyekuwa mwizi, wala hakuguswa na mtoto yeyote. Umri na joto vilikuwa vimemla ndani kwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikaa kitambo nikiitazama kapasita ile mkononi. Ilipojaribiwa kwa kidogo ilionekana njema; ilipobanwa ikavuja. Nikajiona mimi mwenyewe. Kwa mambo madogo watu husema nina subira. Jioni ile nilipopata joto, nilivuja, na aliyeungua alikuwa mtoto.

Nilimwita, nikamwomba radhi mbele ya mama yake, maana hapo ndipo nilipomwaibisha. Alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Mjomba, ile valvu ya kwanza haikuharibika?"

Tukairudisha mahali pake. Nilikwisha kutia kapasita mpya ya kauri, yenye kustahimili volti 1,000. Badala ya antena nikafunga taa ya kawaida ya nyumbani ya wati 60, ili tujaribu bila kurusha mawimbi hewani. Nikampa kitufe. Akabonyeza, taa ikawaka mezani, na sahani ya valvu ikabaki nyeusi kama ilivyotakiwa.

Akaachia, akanitazama kuona kama nimekasirika, halafu akabonyeza tena.